Jinsi ya Kuchambua Mabao ya Futsali: Anzia Pale Mpira Ulipopatikana

Kocha kijana anayefundisha timu ya futsali (soka la wachezaji watano kila upande) ya mtaa wa Isevya, hapa Tabora, alinijia jioni moja akiwa na daftari lililojaa maandishi. Baada ya kuniamkia alisema, "Mwalimu, nimeandika mabao 38 ya mechi za wachezaji wa kulipwa, lakini nikienda uwanjani sina la kuwaambia vijana." Nilipolifungua niliona sababu. Kila bao lilielezwa kwa namna lilivyomaliziwa, yaani mguu uliotumika, umbali wa shuti na upande wa goli, lakini hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema timu iliupata mpira wapi na kwa njia gani. Kosa hilo nililifanya mimi kabla yake, na niliyomweleza ndiyo haya.

Hatua ya 1: Tafuta mechi kamili

Muhtasari wa mabao haufai, kwa sababu hukatwa sekunde chache kabla ya shuti. Pakua usiku, wakati kifurushi ni cha bei nafuu. Fainali za Kombe la Dunia la futsali zinafaa kwa kuanzia, lakini usichague moja tu: ile ya mwaka 2016 kule Colombia, ambamo Argentina iliifunga Urusi 5–4, ina mabao 9, ilhali ile ya 2021, Ureno ikiishinda Argentina, na ile ya 2024, Brazil ikiishinda Argentina hiyo hiyo, zote ziliisha 2–1. Ongeza fainali ya wanawake ya Afrika ya mwaka 2025, ambamo timu yetu ya taifa ilifungwa 3–2 na wenyeji Morocco.

Hatua ya 2: Zana

VLC, programu ya kuchezea video, na jedwali la LibreOffice Calc vinatosha, navyo ni vya bure. Ukibonyeza herufi E katika VLC, video husogea picha moja moja. Programu za kulipia zinazojichorea mishale na duara sizipendi: humfanya mtu ajione amechambua kabla hajafikiri, na umeme ukikatika katikati ya kazi utalikumbuka daftari.

Hatua ya 3: Amua bao linaanzia wapi, kisha lipe kundi

Hapa ndipo nilipopoteza wikendi mbili nzima, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Andika maana ya kila kundi kabla ya kutazama bao la kwanza. Mimi hutumia makundi matano: shambulizi la kupangwa, shambulizi la kushtukiza baada ya kunyang'anya mpira, mpira uliokufa (kona, mpira wa pembeni au adhabu), mashambulizi ya kipa wa kupanda (kipa anayeacha goli na kushambulia, nitamweleza chini), na bao linalofungwa dhidi ya timu iliyompandisha kipa wake. Shambulizi huanza pale timu inapoumiliki mpira kikweli, yaani mchezaji ameugusa mara mbili akiwa ameutuliza au ametoa pasi iliyofika. Mpira uliomgonga beki ukarudi kwa mpigaji haujabadilisha timu inayoumiliki. Vivyo hivyo, kipa akipangua shuti na mshambuliaji akamalizia, shambulizi ni lile lile, na bao la kujifunga linahesabiwa kwa shambulizi la timu iliyonufaika.

Tatizo kubwa ni mpira uliokufa. Katika futsali mpira wa pembeni hupigwa kwa mguu, nao hutokea mara nyingi mno. Kanuni hairuhusu kufunga moja kwa moja kutokana nao, tofauti na kona, kwa hiyo daima kutakuwa na mguso wa mtu mwingine katikati. Je, bao lililofungwa baada ya pasi 11 tangu mpira wa pembeni ni la mpira uliokufa? Mara ya kwanza nilijibu ndiyo, na matokeo yakanionyesha timu zinazofunga karibu kila bao kwa mipira iliyokufa, jambo ambalo macho yangu yalilikataa. Nilifuta jedwali lote nikaanza upya. Sasa mpaka wangu ni huu: ikiwa walinzi wamekwisha kurudi katika mpangilio wao wa kawaida kabla ya pasi ya mwisho, bao ni la shambulizi la kupangwa, hata kama lilianzia pembeni. Wengine hutumia idadi ya pasi. Mimi siipendi, kwa kuwa pasi tatu za futsali zinaweza kupigwa ndani ya sekunde mbili.

Adhabu za faulo ziwe na safu yake. Kuanzia faulo ya sita ya timu katika kipindi kimoja, mpinzani hupata mpira wa adhabu usiowekewa ukuta, kutoka alama ya mita 10, au kutoka faulo ilipotendeka ikiwa ni karibu zaidi na goli. Bao hilo lina historia ya faulo tano zilizotangulia, na usipoiandika utamsifu mpigaji peke yake.

Kipa wa kupanda ni mtego mwingine. Timu iliyo nyuma humtoa mlinda mlango na kumwingiza mchezaji wa kushambulia aliyevaa jezi ya kipa, ili watano washambulie dhidi ya wanne, na goli lao likabaki wazi. Usipoandika matokeo yalivyokuwa wakati huo utadhani mbinu hiyo ndiyo inayosababisha vipigo, kumbe wanaoitumia kwa kawaida walikuwa wameshazidiwa. Andika pia idadi ya wachezaji uwanjani, maana kadi nyekundu huiacha timu pungufu kwa dakika mbili, au mpaka ifungwe na wapinzani walio wengi kuliko wao.

La mwisho katika hatua hii ni saa. Kipindi ni dakika 20, lakini saa husimamishwa kila mpira unapotoka, hivyo video ya kipindi kimoja hupita dakika hizo kwa mbali. Mimi niliandika muda wa video, nikajikuta na bao la dakika ya 33 katika kipindi cha kwanza. Andika muda wa saa ya uwanjani inayoonekana kwenye kioo, na uangalie kwanza kama inahesabu kupanda au kushuka, kwa sababu waandaaji hutofautiana.

Hatua ya 4: Hesabu na mashambulizi yaliyoshindwa

Mabao 6 ya kushtukiza hayana maana mpaka ujue yalitokana na majaribio 20 au 90. Chagua mechi tatu na uandike kila shambulizi lililofika nusu ya wapinzani. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo huwezi kusema njia ipi inalipa.

Hatua ya 5: Jipime

Baada ya wiki mbili rudia mabao 15 bila kutazama majibu ya awali. Mahali unapojipinga, kasoro iko katika maana ya kundi, si katika macho yako.

Hatua ya 6: Peleka uwanjani

Uwanja wa futsali wa kimataifa kwa kawaida ni mita 40 kwa 20, nasi hapa tunafanyia mazoezi kwenye sakafu ya mpira wa kikapu, mita 28 kwa 15. Umbali wa mashuti hauhamishiki, lakini nafasi ya mtu mmoja kuhusiana na mwenzake inahamishika. Kwa hiyo yule kocha aliondoka na jambo moja tu la kufanyia kazi: mpira unaponyang'anywa katikati, winga wa upande wa pili akimbilie mlingoti wa mbali kabla pasi haijapigwa, kwa kuwa katika daftari lake mabao mengi yaliyomaliziwa kwa kugusa tu yalifungwa pale. Alikuwa ameyaandika yote, isipokuwa yule winga alianza kukimbia lini. Safu hiyo tuliiongeza kwa kalamu nyekundu, na mabao yake 38 anayatazama upya.