Kusoma picha ya kiwiko chenye kichwa bandia cha rediasi

Vijana wanaoanza kazi kwenye kliniki yetu ya mifupa, wakitazama picha ya kichwa bandia cha chuma kilichowekwa juu ya rediasi (mfupa wa kigasha wa upande wa kidole gumba), huniuliza swali lile lile: "Hapa kandokando ya chuma pana mstari mweusi. Kimelegea?" Nami huwauliza: mkono wenyewe unasemaje?

Kwa hiyo anza na mgonjwa, picha baadaye. Mwambie akunje kiwiko na kukinyoosha. Kisha abane kiwiko ubavuni, akikunje nyuzi 90, ageuze kiganja juu na chini. Kazi nyingi za kila siku zinahitaji mkunjo wa kutoka nyuzi 30 hadi 130, na nyuzi 50 za kugeuza kila upande. Asiyeweza kunyoosha mkono mpaka mwisho mara nyingi hata halalamiki. Muulize anaumia wapi hasa. Maumivu ya sehemu ya juu ya kigasha, yanayokuja anapokamata kitu kwa nguvu, hunitia shaka ya kulegea kwa shina (ule mguu wa kichwa bandia unaoingia ndani ya mfupa) kuliko uchungu wa kiwiko kizima. Gusa na kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Kikiuma, huenda utando unaounganisha rediasi na alna (mfupa wa kigasha wa upande wa kidole kidogo) ulichanika siku ya ajali.

Sasa fungua eksirei: moja ya mbele, moja ya ubavu. Iweke kando ya picha ya kwanza iliyopigwa baada ya upasuaji. Bila ile ya kwanza unabahatisha tu, kwa hiyo itafute hata kama itabidi upekue faili zima.

Chora mstari katikati ya shingo ya rediasi. Katika picha zote mbili lazima uelekee kapitelamu, ile nundu ya humerasi (mfupa wa mkono wa juu ya kiwiko) inayotazamana na kichwa bandia. Ukipita pembeni, kiungo kimeteguka, na hapo usisubiri: mwite daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo.

Linalofuata ni urefu, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kichwa kirefu kupita kiasi hukandamiza kapitelamu, gegedu huchakaa na mkono hukataa kukunjika. Katika picha ya mbele, sehemu ya juu ya chuma iwe karibu sawa na ukingo wa juu wa kile kishimo cha alna ambamo rediasi hukaa. Usikimbilie kuhukumu kwa nafasi iliyo kati ya alna na humerasi upande wa nje. Hata kwa watu wenye afya kamili mara nyingi nafasi hiyo haiko sambamba. Nafasi ya upande wa ndani nayo haibadiliki waziwazi kwenye eksirei mpaka urefu uzidi kwa takriban milimita 6. Maana yake, picha inayoonekana nzuri haijathibitisha kwamba urefu ni sahihi. Ukiwa na shaka, piga kiwiko cha pili kikiwa katika mkao ule ule, ulinganishe.

Turudi kwenye mstari mweusi. Soma ripoti ya upasuaji ujue shina ni la aina gani. Shina laini huwekwa kwa makusudi likiwa na nafasi ya kucheza kidogo ndani ya mfupa, kwa hiyo mstari mwembamba kulizunguka ni jambo la kutarajiwa. Shina la kubana, lenye uso wa kukwaruza, lilikusudiwa kushikana na mfupa. Hapo nahofia mstari unaopanuka picha hadi picha, shina linaloinama au kuzama, hasa kukiwa na maumivu. Mfupa wa shingo kupungua chini ya kola (ukingo wa chuma unaokalia mfupa) ni jambo jingine: mzigo unapitia kwenye chuma, mfupa unakosa kazi. Kwa kawaida hutokea mapema kisha hukoma. Pima, andika, usimtishe mgonjwa.

Malizia kwa kutazama mfupa mpya uliojijenga kwenye nyama, kapitelamu iliyolika, na dalili za kuchakaa kati ya alna na humerasi. Hayo ya mwisho mara nyingi yanatokana na ajali kuliko chuma: kiwiko kilichoteguka, kikavunjika koronoidi pia (ncha ya mbele ya alna), na kano zikachanika, hakiwezi kulinganishwa na kile kilichovunjika kichwa peke yake.

Katika ripoti andika aina ya shina, tarehe ya picha uliyolinganisha nayo, upana wa mstari kwa milimita na mahali ulipo, pamoja na nyuzi za mwendo ulizopima. Neno "limelegea" liandike pale tu picha na maumivu vinapokubaliana.