Ukuta wa Baa ya Zamani Usizibwe kwa Saruji

Baa kongwe za miji ya Uingereza zimesimama kwa chokaa. The George Inn ya Southwark, London, ilijengwa upya mwaka 1677. Saruji ya Portland, ile ya kawaida ya leo, ilipata hataza mwaka 1824 tu, kwa hiyo kuta kama hizo hazikujengwa nayo. Ukikabidhiwa baa au hoteli ya enzi za walowezi hapa Nakuru au Kisumu, fundi asifungue mfuko wa saruji kabla hamjapima viungo vya ukuta, yaani mistari ya kuunganishia kati ya mawe.

Bandua kipande kwenye kiungo. Kikivunjika kwa vidole na kina punje nyeupe ndani, hiyo ni chokaa. Saruji ni ngumu kuliko mawe laini ya volkeno ya Nakuru, tena haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji yakizuiwa kwenye kiungo hutokea kwenye jiwe lenyewe, yakibeba chumvi, na uso wa jiwe huanza kumenyuka.

Kwanza rekebisha mtaro wa paa, na uondoe udongo uliorundikana juu ya msingi, la sivyo kazi yote ni bure.

Kwangua viungo kwa patasi na nyundo hadi kina cha mara mbili ya upana wake: kiungo cha milimita 12, chimba 25. Grenda iache, maana hukata kingo za mawe na hazirudi tena.

Nunua chokaa ya ujenzi iliyozimwa. Ile ya shambani ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, haishiki kamwe, na hapa ndipo wengi huuziwa isiyofaa. Loweka hiyo ya ujenzi usiku kucha, kisha changanya debe 1 kwa debe 3 za mchanga wa mto uliochekechwa, wenye chembe kali. Maji kidogo sana: mchanganyiko wenye maji mengi hupasuka ukikauka. Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza macho.

Lowesha ukuta, kisha shindilia kwa mwiko mwembamba. Kina kikizidi, jaza kwa tabaka. Dole gumba likiacha alama hafifu tu, gongagonga kwa brashi ngumu ili uso upumue.

Funika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima au zaidi. Chokaa hukomaa polepole kwa hewa, na jua la Januari huigeuza vumbi. Mvua za Aprili nazo huiosha kabla haijashika.

Kama jengo limetangazwa kuwa turathi, ruhusa ya Makumbusho ya Taifa hutangulia patasi.