Kuchanganya naitroksi ya 32 Malindi

Naitroksi ya 32 ni hewa ya wazamiaji iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 32. Mafuta kidogo ndani ya valvu ya mtungi, hata ya alama ya kidole, yakikutana na oksijeni yenye presha huweza kuwaka. Kwa hivyo ifungue valvu yote vipande vipande, isugue kwa maji moto na sabuni ya kukata mafuta, mtungi nao vilevile. Usisuuzie maji ya kisima cha chumvi. Yakikauka huacha ukungu mweupe kwenye nyuzi za skrubu za valvu. Tia pete mpya za vitoni (mpira unaofaa kwa oksijeni) na grisi ya oksijeni, si ya silikoni.

Mtungi ukiwa mtupu, tia oksijeni baa 28 (baa ni kipimo cha presha), isizidi baa 5 kwa dakika, kisha hewa isiyo na mafuta hadi 200. Jua la Malindi hudanganya geji, basi upoe kivulini kwanza. Pima oksijeni. Ikisoma 32, andika kwenye mtungi: mwisho wa kina mita 33.