Jicho Lililorukiwa na Chokaa: Matone ya Siku Kumi za Kwanza

Fundi ujenzi anapoletwa zahanati akiwa amelifumba kwa kiganja jicho lililorukiwa na chokaa, usianze na chupa ya dawa. Chokaa, kama ilivyo saruji mbichi au kostiki soda ya kutengenezea sabuni, huyeyusha mafuta ya kuta za seli na kuzama ndani ya jicho kwa dakika chache, hivyo maji ndiyo hutangulia. Weka matone ya ganzi, tundika dripu ya chumvi au ya Ringer (ikikosekana, maji safi ya bomba yatafaa), kisha uoshe kwa dakika 30 au zaidi. Pindua ukope wa juu, kwani huko ndiko hujificha vipande vyeupe vilivyonata kama unga wa ngano uliolowa. Viondoe kwa pamba yenye maji, la sivyo vitaendelea kuunguza. Subiri dakika 5, kisha ugusishe karatasi ya litmasi ndani ya ukope wa chini: ikiwa pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali, ambapo 7 ni katikati) bado haijashuka hadi karibu na 7, rudia kuosha. Usitie siki kwa nia ya kuipooza chokaa.

Hapo ndipo zamu ya dawa inapofika. Mafuta ya macho ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara 4 kwa siku, hukinga kidonda dhidi ya bakteria. Atropini ya asilimia 1, mara 2 kwa siku, hulegeza misuli ya ndani na kupunguza maumivu. Mweleze mgonjwa mapema kwamba ataona ukungu akisoma, asije akaiacha akidhani inampofusha.

Dawa inayotaka uangalifu kuliko zote ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yaani prednisoloni ya asilimia 1 au deksamethasoni ya asilimia 0.1. Tumefundishwa kuiogopa kwenye jicho lenye kidonda, na ni haki kuiogopa, lakini katika siku za mwanzo uvimbe wenyewe ndio unaozuia konea (kioo cha mbele ya jicho) isipone. Kwa ushauri wa daktari wa macho, jicho lililoungua vibaya hupewa tone kila saa 1 au 2 kwa siku 7 hadi 10. Baada ya hapo konea huanza kujijenga upya, na dawa ileile iliyosaidia huweza kuidhoofisha hadi itoboke, hasa ikiwa kidonda hakijafunga. Kwa hiyo andika kwenye kadi tarehe ya kuanza na tarehe ya kupunguza, kwa wino unaosomeka.

Vidonge vya vitamini C, gramu 1 mara 2 kwa siku, husaidia ujenzi huo kwa mwenye figo nzima. Matone ya ganzi asipewe kwenda nayo nyumbani kamwe, kwa kuwa huchelewesha kidonda kupona.

Mwisho, tazama ukingo wa konea kwa tochi. Jicho jekundu bado linafikiwa na damu. Ukingo uliopauka kama kaure, usio na mshipa hata mmoja, ndio wa kuogopwa, hata kama mgonjwa anasema maumivu yamepungua. Huyo apewe rufaa siku hiyohiyo, na ndugu anayemsindikiza afundishwe kumtilia matone njiani.