Antibayotiki kabla ya kuweka mrija wa figo kwa mgonjwa wa saratani

Mrija wa figo hupitishwa kwenye ngozi ya mgongo hadi ndani ya figo ili kutoa mkojo uliozuiwa. Kabla ya kuchagua dawa ya kukinga maambukizi, tafuta majibu ya mkojo uliooteshwa (uliopimwa maabara kuona bakteria gani wanaota) mara ya mwisho. Mgonjwa ambaye uvimbe wa shingo ya kizazi au kibofu umebana njia ya mkojo mara nyingi ameshalazwa na kupewa antibayotiki za kila aina, kwa hiyo huenda bakteria wake wakawa sugu.

Kama hana homa wala historia ya usugu, dozi moja ya seftriaksoni gramu 1 kwenye mshipa hutosha. Ichomwe ndani ya dakika 60 kabla ya kutoboa figo. Kuichoma wodini alfajiri, kisha mgonjwa akasubiri foleni hadi mchana, si kinga ya kutegemea. Seftriaksoni haiui bakteria aitwaye enterokoki. Kama ndiye aliyeota, ongeza ampisilini gramu 2, mradi hana mzio wa penisilini. Seftriaksoni haifai pia kwa sudomonasi, bakteria mwingine ambaye hupenda sana wagonjwa wenye mirija. Gentamisini ina nguvu, ila huumiza figo, kwa hiyo haifai kwa figo iliyoziba wala kwa mwili uliopokea sisiplatini (dawa ya saratani inayoumiza figo pia), isipokuwa majibu ya maabara hayakuacha njia nyingine.

Mwenye homa, baridi kali au usaha kwenye mkojo hahitaji kinga, anahitaji tiba: dozi kamili, inayoendelea baada ya mrija kuingia. Neutrofili (chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria) zikiwa chini ya 500 kwa kila mikrolita, homa peke yake ni dharura.

Hatari kubwa iko mezani, wakati mrija unawekwa. Shinikizo likipanda ndani ya figo, bakteria husukumwa kwenye damu, antibayotiki iwepo isiwepo. Sindano ikifika, vuta mkojo kwanza, weka mililita chache kwenye chupa safi kwa ajili ya kuotesha (mkojo wa kibofuni huweza kuonekana safi huku juu ya kizuizi kumeoza), ndipo uingize rangi ya eksirei, pungufu ya ulichovuta. Ukiona usaha, weka mrija, funga kazi. Picha kamili zitapigwa siku nyingine.

Saa chache za mwanzo pima joto, mapigo na presha mara kwa mara. Kutetemeka na presha kushuka: otesha damu, anza maji na antibayotiki pana (zinazoua bakteria wa aina nyingi) papo hapo.

Mrija hubadilishwa kila baada ya miezi 2 hadi 3. Sampuli ichukuliwe kwenye mrija mpya, kamwe si kwenye mfuko, na bakteria wasioleta dalili wasitibiwe.