Jinsi ya kuomba kibali cha kuingiza vanadiamu pentoksaidi kwa utafiti

Kwa Tanzania Bara, kemikali hii husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Zanzibar ina chombo chake. Usidhani chupa ya gramu 100 ni ndogo mno kuhitaji kibali.

Anza na utambulisho, maana hapa ndipo makosa huzaliwa. Ukiandika "oksaidi ya vanadiamu" tu hujasema kitu, kwa sababu ziko kadhaa. Unayoitaka ni V₂O₅, yaani vanadiamu pentoksaidi, yenye namba ya CAS (namba ya kimataifa ya kutambulisha kemikali) 1314-62-1. V₂O₃ ni 1314-34-7, na VO₂ ni 12036-21-4. Rangi nayo isikudanganye: unga wa V₂O₅ huweza kuwa wa njano au wa kahawia yenye wekundu. Namba ya CAS iwe ileile kwenye profoma (ankara ya awali ya muuzaji), kwenye karatasi ya taarifa za usalama na kwenye fomu. Kwa forodha, oksaidi za vanadiamu ziko kwenye kifungu 2825.30.

Pili, muulize msimamizi wa maabara au ofisi ya ununuzi kama taasisi yenu ina cheti hai cha usajili wa kemikali. Kikiwepo, ombi liende kwa jina la taasisi. Kisipokuwepo, usajili ndio unaotangulia, na mhifadhi wa kemikali pamoja na stoo yake lazima wajulikane.

Tatu, andika matumizi kwa uwazi. "Utafiti" peke yake ni jibu la mkato. Sema unatengeneza elektrodi ya betri ya lithiamu, au unapima kichocheo cha kugeuza dioksidi ya salfa kuwa trioksidi, kazi ambayo V₂O₅ huifanya kwenye viwanda vya asidi ya salfuriki. Taja kiasi, mahali pa kuhifadhi na njia ya kuteketeza mabaki.

Nne, sehemu ya usalama ijazwe na mtu aliyesoma karatasi ile yenye vipengele 16, hasa cha 2 (hatari), cha 8 (kinga) na cha 14 (usafirishaji). Hatari kubwa ya V₂O₅ ni vumbi lake. Huwasha macho, koo na mapafu, na waliovuta kwa wingi huweza kupata ulimi wa kijani. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kundi 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo ipimwe ndani ya kabati la kufyonza hewa, kwa glovu, miwani na barakoa ya kuchuja vumbi. Ikimwagika, pangusa kwa kitambaa kilicholowa, usifagie. Kwa usafirishaji ni UN 2862 (namba ya Umoja wa Mataifa ya mizigo hatari), daraja 6.1, sumu.

Tuma ombi, lipa kwa namba ya malipo utakayopewa, kisha subiri. Nakuomba sana, muuzaji asipakie mzigo kabla kibali hakijatoka. Mzigo ukitangulia, gharama za kuhifadhi zitakula bajeti ya utafiti wako.

Mzigo ukifika, linganisha lebo ya chupa na kibali: jina, CAS, uzito. Visipolingana, usifungue chupa. Wasiliana na Mamlaka na muuzaji siku hiyohiyo.