Mama wa nyumbani, anza na nguo inayokutosha leo

Dada zangu mlio nyumbani na watoto hapa Kampala, mkitaka kupendeza msikimbilie vipodozi. Anzeni na nguo. Gauni la kabla ya mimba, linalobana kifuani, litakununisha kila ukipita kwenye kioo. Liweke kando, nenda soko la Owino asubuhi marobota ya mitumba yanapofunguliwa, tafuta magauni mawili ya pamba, yenye vifungo mbele kama unanyonyesha. Saizi iliyoandikwa shingoni usiijali. Pima mabega kwanza: kiuno fundi cherehani hukibana mara moja, lakini mabega yakikuvuka, kurekebisha ni kazi ya kushona upya, na hapo mtumba umeshakuwa ghali. Yafue, yapige pasi. Pasi peke yake hufanya maajabu, jamani.

Nywele zikidondoka miezi 3 au 4 baada ya kujifungua, usiuziwe dawa. Ni kawaida, na kwa wengi hukoma zenyewe. Suka kwa uzi, bila kuvuta kwenye paji la uso.

Ngozi ipake mafuta ya shea ya kwetu kaskazini, kutoka Lango na Acholi. Ni laini, yanayeyuka kiganjani, na kidogo tu kinatosha, hasa ngozi ikiwa bado na maji ya kuoga. Krimu za kung'arisha mimi nazikataa kabisa. Baadhi huwa na zebaki, ambayo hudhuru figo na humfikia mtoto kwa maziwa ya mama. Isiyoonyesha viambato vyake, irudishe kwenye meza ya muuzaji.